Kumi na Moja A

Ofisi ya tiketi ilikuwa imebanwa kati ya duka la miwani na kinyozi, na mpita njia mwenye haraka angeweza kuikosa kabisa kama si ile ndege ya plastiki iliyoning'inia kwa uzi juu ya mlango, bawa moja limepauka kwa jua. Ndani mlikuwa na meza mbili. Ya kwanza ukiingia ilikuwa ya mwanamke aliyekaribia miaka hamsini, mrefu, mpole wa sauti, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Wateja hawakuhangaika na jina lake. Walimwita Dada Dirisha, na walio wadogo wakamwita Mama Dirisha, naye aliitikia yote mawili bila kubagua.

Jina hilo lilitokana na kazi ambayo hakuna aliyemtuma kuifanya. Mawakala wengine, mteja akishapata tiketi yake, humtakia safari njema wakamgeukia anayefuata. Yeye alivuta kiti mbele, akateremsha miwani hadi ncha ya pua, akauliza, "Sasa niambie, unataka kukaa wapi?"

"Popote tu, dada."

"Popote si kiti. Unaondoka asubuhi au jioni?"

"Asubuhi."

"Basi kaa kushoto. Jua litakuwa upande wa pili, kioo hakitakuchoma macho. Na usikubali wakuweke juu ya bawa, utatazama bati safari nzima. Nyuma kabisa nako usiende. Joto la injini linaitikisa ardhi, utaona milima inachezacheza kama iko ndani ya sufuria inayochemka."

Aliyajua mambo hayo kama mama anavyojua kikohozi cha kila mtoto wake. Alijua mto unaonekana dakika ya ngapi baada ya ndege kunyanyuka, na kwamba unaanza kuonekana kama uzi uliodondoka. Alijua ni mwezi gani moshi wa mashamba yanayochomwa unafunika kila kitu, na ni mwezi gani mvua ya usiku huacha hewa imeoshwa mpaka mtu anaweza kuhesabu mapaa ya nyumba. Alijua ziwa kubwa la kaskazini linatokea dakika ya arobaini, upande wa kushoto, na linakaa dirishani dakika sita tu.

Yote hayo aliyajua, na hajapanda ndege hata siku moja.

Kompyuta yake ilimchorea ndege kama trei ya mayai: visanduku vyeupe ni viti vilivyo wazi, vya kijivu vimechukuliwa. Haikumchorea madirisha. Yaliyobaki aliyapata kwa watu. Kila aliyemkatia tiketi alimwambia neno moja kabla hajatoka, "Ukirudi, pita hapa uniambie." Nao walipita. Mtu anatoka msibani, mwingine anatoka kwenye usaili ambao hakufaulu, mwingine alikwenda kumwona mwanawe. Wote walipitisha kichwa mlangoni. Dada Dirisha akiwaona aliacha anachofanya, akaweka kalamu chini, akauliza, "Uliona?" Na uso wake ulifunguka kwa namna ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuiona, maana hakuna anayejiona anapouliza. Mteja alisema ndiyo, niliona. Akaketi, akasimulia. Yeye akafungua daftari kubwa la jalada gumu, la pili sasa, la kwanza likiwa limejaa, akaandika: kiti, mwezi, saa, kilichoonekana.

Kiti kilichopata mashahidi wengi alikichorea nyota. Kilichopata nyota na duara kilikuwa kimoja tu katika miaka kumi na tisa: kumi na moja A, ndege ya asubuhi kwenda kaskazini. Kiko mbele kidogo ya bawa, alivyokadiria, kushoto, na watu tisa walikuwa wamelishuhudia ziwa kutoka pale.

"Siku utakapopanda mwenyewe," alisema mwenzake wa meza ya pili, bwana mnene ambaye utani kwake ulikuwa kama kupumua, "rubani atahama akupishe ukae pale mbele kwenye kioo kikubwa."

"Nitapanda."

"Lini, dada? Mimi nataka nije na kiti nikae nione."

"Zamu yangu ikifika."

Zamu ilikuwa imefika mara mbili ikampita. Kila miaka mitano kampuni ilimpa mfanyakazi tiketi moja ya bure. Ya kwanza alimpa marehemu mama yake akaage dada zake. Ya pili alimpa kaka yake, mdogo wake wa kufuatana, alipopata kazi mji wa kaskazini. Ya tatu ilikuwa droo ya juu, ndani ya bahasha, na mwaka huu alikuwa ameapa mbele ya yule bwana wa utani kwamba haitoki.

*

Nyumbani aliishi na baba yake. Mzee alikuwa mpima ardhi wa serikali, amestaafu zamani, lakini mtaani bado walimwita Bwana Mnyororo, kwa sababu ya mnyororo wa chuma aliokuwa akipimia, ambao aliuhifadhi chini ya kitanda na kuupaka mafuta kila mwezi. Alikuwa mtu wa maneno machache na vipimo vingi. Akiombwa chumvi, alitaka kujua kiasi gani. Nusu ya barabara zilizokuwa kwenye ramani ya nchi aliwahi kuzipita kwa miguu kabla hazijawa barabara.

Kuna jambo moja lililomkaa kooni. Katika ujana wake alitumwa kupima ukingo wa lile ziwa la kaskazini. Alizunguka na kundi lake miezi kumi na minne. Ilipobaki sehemu ndogo ya magharibi, wakaona mbali majini kitu cheusi: kisiwa, au visiwa viwili. Ukungu haukuwahi kuondoka upande ule. Walijaribu kwenda, mashine ya boti ikafa. Wakajaribu tena, upepo ukawarudisha. Watu wa kule waliulizwa. Wengine wakasema ni kimoja, wengine wakasema ni viwili vinavyoshikana kwa mchanga maji yakipungua. Kabla ya kujaribu mara ya tatu, barua ikaja ya kuwaita warudi.

Sheria ya ofisi yao ilikuwa nyepesi. Ulichokipima, unakipiga wino. Ulichokisikia, unakiweka kwa penseli mpaka mtu aende. Mzee akachora kiduara kwa penseli. Huko makao makuu, aliyenakili ramani akafuta penseli zote, kama alivyotakiwa. Ramani ikachapwa, ikapelekwa mashuleni, na pale penye kisiwa pakawa maji.

"Nimewapa watoto wa nchi nzima maji mahali penye ardhi," alisema wakati mwingine, akinywa chai, kama mtu anayekumbuka deni la mtu mwingine. "Na sijui ni kimoja au viwili."

Jicho lake la kushoto lilikwisha miaka sita iliyopita. Jumatatu moja, mwezi wa sita, aliamka akamwita binti yake.

"Mama," alisema, maana ndivyo alivyomwita, "kuna pazia linashuka kwenye hili jicho lililobaki. Linatoka pembeni. Limefika hapa." Akaonyesha kwa kidole, kwa uangalifu, kama anaweka alama.

Daktari wa mjini alimulika, akazima taa, akakaa. Alisema ngozi ya ndani ya jicho inabanduka ukutani kama rangi kuukuu. Alisema mashine ya kuirudisha ipo hospitali ya kaskazini tu. Alisema wiki hii, si wiki ijayo. Na alipoulizwa kama jicho litapona, aliangalia kalamu yake.

"Huenda tukabakisha kilichopo. Huenda operesheni ikakimaliza. Msipokwenda, litakwisha lenyewe."

Walipofika mlangoni mzee alisimama.

"Hiyo ndege inapita ziwani?"

"Inapita, baba."

"Magharibi?"

"Magharibi kabisa. Upande wa kushoto."

"Basi kabla hawajalitoboa, na nilitumie kwanza. Nataka kuhesabu tu. Kimoja au viwili. Sitaki kingine."

Kesho yake bahasha ilitoka droo ya juu. Bwana wa utani aliiona ikitoka. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakutania. Alikwenda kumletea maji.

Alhamisi asubuhi ilikuwa na kiti kimoja tu kilichobaki, katikati, karibu na mkia. Kumi na moja A kilikuwa cha kijivu: kilikuwa cha msambazaji mmoja wa dawa, mteja wake wa kila mwezi, ambaye alimkatia mwenyewe. Dada Dirisha alikaa mbele ya kompyuta mikono mapajani. Halafu akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya. Alimpigia abiria wa kumi A, ambaye alikuwa mwanafunzi anayerudi chuoni, akamwomba ahamie nyuma. Kijana akasema kwake yote sawa, yeye hulala tu. Akamsogeza msambazaji wa dawa kutoka kumi na moja kwenda kumi. Kumi na moja A kikageuka cheupe. Akaandika jina la baba yake, kikageuka kijivu.

Jioni ile mzee alimhoji kama anayekagua kazi ya kijana mgeni.

"Nani kasema kiti hicho ndicho?"

"Wateja, baba."

"Wangapi?"

"Tisa."

"Tisa wameona kwa macho yao, au wamesikia kwa wenzao?"

"Kwa macho yao. Nimewaandika mmoja mmoja."

Mzee akafikiri. "Mimi ramani nzima niliifanya na watu saba." Kisha akaongeza, "Dirisha liko kushoto na jicho langu liko kulia."

"Utageuza shingo."

"Shingo ipo," alisema mzee, na akacheka, na binti yake akacheka naye mpaka ikabidi aende jikoni.

*

Alhamisi anga ilikuwa safi kama sahani iliyofutwa. Dada Dirisha aliiangalia tangu nyumbani, akaiangalia uwanjani alipomwacha mzee kwenye mstari na kifurushi chake, akaiangalia tena kutoka mlango wa ofisi. Hakuna wingu. Hakuna moshi. Hakumbuki kama aliwahi kuomba kitu akapewa kwa ukamilifu namna ile.

Saa mbili na dakika thelathini na nane aliacha mteja akiwa anaongea, akasimama. Arobaini. Alisimama katikati ya ofisi akishika ukingo wa meza, akiangalia saa ya ukutani mshale wa dakika ukivuka alama sita ndogo. Mteja akamwuliza bwana wa utani kwa sauti ya chini kama mama huyu anaumwa.

"Yuko ziwani," alijibu bwana wa utani. "Atarudi sasa hivi."

Mchana kaka yake alipiga simu. Mzee amefika, yuko hospitali, kesho anaingia. "Ameona?" Dada Dirisha aliuliza. Kaka yake akamgeukia mzee, kukawa na maneno ya mbali, akarudi. "Anasema atakwambia mwenyewe. Anasema mambo ya vipimo hayasemwi kwenye simu."

Alichukua hilo kuwa ndiyo. Nani asingelichukua hivyo?

Operesheni ilifanywa. Kwa siku nyingi habari zilikuwa neno moja tu, tusubiri. Daktari alijaza hewa ndani ya jicho ili ishikilie ile ngozi, na akasema kwa sababu ya hewa hiyo mzee asipande ndege, juu kule itavimba ipasue kila kitu. Atarudi kwa basi. Dada Dirisha alisikiliza kila siku akiwa na simu sikioni na kalamu mkononi, na hakuwa na cha kuandika. Hakuna mtu wa kumpigia ambaye angeweza kufanya lolote. Aliosha mashuka ya mzee mara mbili katika wiki moja. Aliutoa mnyororo chini ya kitanda akaupaka mafuta, ingawa haukuwa mwezi wake.

Katikati ya kungoja huko msambazaji wa dawa alirudi, akapitisha kichwa mlangoni na mkoba wake.

"Dada Dirisha, naona ulinihamisha."

"Nilikuhamisha, kaka, unisamehe. Nilikuwa na mgonjwa. Uliona?"

"Niliona," alisema msambazaji wa dawa. "Ziwa lote. Lilikuwa linang'aa ajabu."

"Na kisiwa? Upande wa magharibi. Kilikuwa kimoja au viwili?"

Yule bwana alihamisha mkoba kutoka mkono huu kwenda ule. "Kisiwa hicho sikukiangalia sana, dada. Lakini ziwa, niliona vizuri mno. Kama ulivyosema."

Akaandika: kumi A, mwezi wa sita, saa mbili na dakika arobaini, ziwa lote.

*

Mzee alirudi baada ya wiki tatu na siku mbili. Alishuka kwenye basi mchana akiwa ameshika kiwiko cha mwanawe wa kiume, na namna alivyoitafuta ngazi kwa mguu ilimwambia binti yake yote ambayo simu ilikuwa imemficha. Alikuwa anaona mwanga na kivuli. Alijua mlango uko wapi kama uko wazi. Zaidi ya hapo hakuna.

Walimketisha kwenye kiti chake sebuleni. Kaka yake alikunywa maji, akaangalia viatu vyake, akaenda kulala. Dada Dirisha akavuta kigoda, akakaa mbele ya baba yake. Alikuwa amejikataza kuuliza, na akauliza.

"Uliona, baba?"

Mzee alinyoosha mkono mpaka ukapata goti lake.

"Hapakuwa na dirisha, mama."

Hakuelewa. Alidhani anazungumzia hospitali.

"Kwenye ndege. Kumi na moja A. Mbele kulikuwa na dirisha na nyuma kulikuwa na dirisha. Pale kwangu palikuwa na ukuta. Plastiki, rangi ya maziwa, na mchirizi mmoja chini kama mtu alipitisha ukucha. Nimeupima. Viganja vitatu na nusu."

"Haiwezekani."

"Hata mimi nilisema hivyo. Nikatoka nikasoma namba upya, jicho likiwa karibu kukigusa kile kibati cha namba. Nikamwomba yule binti mhudumu kiti kingine, ndege ilikuwa imejaa. Akaniambia, babu, usijali, nje ni mawingu tu. Na upande wa pili nilikuwa naona jua limewalalia watu magotini."

Dada Dirisha alisogeza kigoda karibu.

"Nikaegemeza kichwa ukutani, hivi. Kati ya ukuta na kiti cha mbele palikuwa na upenyo wa vidole viwili, nikaona kipande cha dirisha la bwana aliyekaa mbele yangu. Anga. Nikasema si haba, ziwa likifika nitalihesabu vidole viwili vidole viwili. Tulipokuwa karibu, yule bwana akateremsha pazia akalala."

"Ungemwamsha, baba."

"Nilimgusa bega. Alidhani naomba radhi kwa kumgonga. Akasema hamna shida, mzee." Mzee akatabasamu kidogo, upande. "Hakulifungua mpaka tukatua. Saa nzima nilitazama mgongo wa kiti. Kwa hiyo jicho hili kitu cha mwisho lililokiona vizuri ni maandishi ya namna ya kufunga mkanda."

Nje mtu alikuwa anapigapiga zulia. Dada Dirisha alikuwa anawaza kumi A. Alikuwa anaona mkoba ukihama kutoka mkono huu kwenda ule. Ziwa lote, lilikuwa linang'aa ajabu.

"Njia nzima ndani ya basi," alisema mzee, "nilifikiri nikwambie niliona. Mdogo wako alinisihi nikwambie hivyo. Lakini wewe ungeandika. Na wewe unaandika kwa wino."

*

Asubuhi iliyofuata alimwomba bwana wa utani ampigie rafiki yake wa uwanjani. Bwana akapiga, akauliza, akasikiliza, akasema ahaa mara tatu, akaweka simu chini taratibu kama yai.

"Ndege hizi mpya," alisema, akiangalia meza. "Pale kumi na moja kushoto inapita bomba la hewa. Wameziba. Anasema uwanjani kila mtu anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu zilipokuja. Miaka mitatu."

Alifungua daftari. Mashahidi tisa wa kumi na moja A. Watatu walisafiri kabla ya ndege mpya. Sita walisafiri baada yake. Watu sita walikuwa wameketi karibu na ukuta wa plastiki, na wote sita walikuwa wamepita hapa, wameketi kwenye kiti hiki, na kumwambia wameliona ziwa. Aliwakumbuka. Mwalimu wa hesabu. Bibi harusi, ambaye alisema lilikuwa la buluu mpaka alitaka kulia. Fundi wa majenereta. Na yule mama aliyetoka kumzika mwanawe, ambaye alisimama mlangoni akiwa amechoka hata kusimama, akasema, niliona, mama, kama ulivyosema, Mungu akubariki.

"Kwa nini hawakuniambia?" aliuliza. "Mtu mmoja tu. Angesema tu, dada, pale hapana dirisha."

Bwana wa utani alikuna kidevu. Ungedhani anatafuta utani na hakuna uliokaribia.

"Wewe unauliza kama mtoto anayengoja zawadi mlangoni," alisema hatimaye. "Nani atakuja mikono mitupu? Hata mimi mwaka juzi niliporudi msibani ulinihoji. Nilikwambia nimeuona mlima."

"Hukuuona?"

"Nilikuwa kiti cha njiani, dada. Karibu na choo."

Alitaka kucheka, ikashindikana. Alifunua ukurasa baada ya ukurasa, miaka kumi na tisa ya mwandiko wake mwenyewe uliolala vizuri, na hakujua ni mstari gani ulikuwa nchi na upi ulikuwa adabu. Kila mmoja alimpa kitu kidogo ili asimwangushe. Kwa wema wao wote walimsukuma baba yake, mkono kwa mkono, mpaka kwenye ule ukuta, na yeye ndiye aliyemfunga mkanda. Hakukuwa na wa kumkasirikia. Alitafuta, akakosa.

Mteja aliingia, mama wa makamo mwenye mfuko wa plastiki, akataka ndege ya asubuhi kwenda kaskazini. Akamkatia. Mama yule akangoja.

"Wameniambia wewe ndiye unayejua kiti kizuri."

Dada Dirisha aliiangalia ile trei ya mayai.

"Sijui," alisema. "Kwa kweli sijui. Ukifika uwanjani, waulize wao."

Yule mama akachukua karatasi yake, akaondoka, na hakuambiwa apite akirudi.

*

Jumamosi alasiri mzee alikuwa ameketi uso umeelekea dirishani, mahali penye mwanga.

"Lete lile daftari," alisema. "Yote mawili. Nisomee."

"Baba, yale ni uongo."

"Si yote. Nchi hiyo nimeitembea. Wewe soma, mimi nitakwambia."

Akaleta, akakaa, akasoma. Mwezi wa pili, nne A, mto unapinda mara tatu kabla ya daraja. Mzee akatikisa kichwa. "Unapinda mara mbili. Huyo alikuridhisha tu." Mwezi wa saba, sita A, bonde jekundu, halafu mstari mweupe kama chaki. "Huyo kaona. Hiyo ni chokaa, nilipasua kiatu pale." Wakaendelea. Wakati mwingine kidole kilitembea muda mrefu juu ya paja lake kama kinafuata njia, kisha akasema kaona, au hakuona, au huyu kaona nusu, nusu kaongeza mwenyewe. Binti aliweka alama pembeni. Walipofika kumi na moja A, mzee akamwambia aandike mstari wa kumi, naye akauandika kama alivyoambiwa: ukuta, viganja vitatu na nusu.

"Hiyo piga wino," alisema mzee. "Nimepima."

Mwanga ulikuwa umehama kutoka magotini kwake kwenda ukutani. Alikuwa amechoka sasa, kichwa kimeegemea nyuma, lile jicho lake likiangalia dari bila kuiona. Mistari ya daftari la pili ilikuwa inakwisha, na katika yote, mamia na mamia, hakuna hata mtu mmoja aliyetaja kisiwa. Dada Dirisha alilijua hilo. Alikuwa amelitafuta wiki nzima. Akafunua ukurasa wa mwisho. Ulikuwa mtupu.

"Mwezi wa tano," alisoma. "Tisa A. Ziwa safi. Upande wa magharibi, mbali, kisiwa."

Kidole cha mzee kikasimama.

"Kimoja?"

"Kimoja."

"Kina mchanga?"

Sauti yake aliishika kwa nguvu zake zote. "Anasema kina mchanga kidogo upande mmoja. Kama mkia."

Mzee akavuta pumzi, akaiachia polepole.  Aliyekuwa akipiga zulia siku ile hakuwepo leo, na sebule ilikuwa na ukimya ambao ndani yake mtu angeweza kusikia ukurasa ukipinduliwa, au usipopinduliwa.

"Huyo alikuwa mtu gani?"

"Sikumwandika jina, baba. Huwa siandiki majina."

"Huwa huandiki," alikubali mzee. Akageuza uso kumwelekea, mahali sauti ilipotoka, akausimamisha hapo muda. Kisha akapapasa meza ndogo iliyokuwa kando yake, akafungua kidroo, akatoa penseli fupi, ya zamani, iliyochongwa kwa kisu, akamnyooshea.

"Hicho," alisema, "kiandike kwa penseli."

Akaichukua. Akainama juu ya ukurasa mtupu, na mzee akatega sikio, akisikiliza penseli ikikwaruza karatasi mpaka iliponyamaza.